Kibati cha servomota: jinsi ya kusoma namba zake kabla hujatoa hela

Servomota ya kwanza kunitia hasara (mota inayopokea amri ya kuanza, kukimbia na kusimama mahali hasa) ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa ya mashine ya kupakia chakula cha kuku hapa Nyakato, Mwanza, ile yenye auga, skrubu ndefu inayosukuma pumba na dagaa waliosagwa kwenda kwenye mfuko. Mota ya zamani ilishaungua. Nikaenda dukani na picha ya kibati, kile kipande chenye namba za mota, kwenye simu, muuzaji akasoma 1.0 kW, akashusha nyingine ya 1.0 kW. Flenji, ule uso wa mbele wenye matundu ya bolti, mm 130, sawasawa. Matundu manne yakakaa, shafti ikaingia bila kugongwa. Nikapanga draiva, kile kisanduku kinachoilisha mota umeme na kuiongoza, nikawasha. Auga ikasukuma kama dakika tatu, kisha draiva ikatoa alamu ya ovalodi. Nikazima, nikawasha, ikasukuma kidogo, ikagoma tena.

Mama mwenye mashine alikuwa amekaa kwenye gunia akiniangalia. "Fundi, si umeniambia ni kilowati ile ile?"

Nilimwambia kweli, na hapo ndipo nilipokosea. Mota ya zamani ilikuwa ya torki (nguvu ya kuzungusha) 10 Nm, yaani nyutoni mita, kwa mizunguko 1000 kwa dakika. Niliyoleta ilikuwa ya 4 Nm kwa mizunguko 2500. Ukizidisha, zote mbili zinatoa kilowati 1.05, na zote zinaandikwa 1.0 kW. Lakini auga ya pumba haihitaji mbio, inahitaji msuli. Mota mpya ilikuwa na mbio ambazo hakuna aliyeziomba, na msuli wake haukufika hata nusu ya ule wa zamani.

Tangu siku hiyo sinunui servomota kwa wati. Nitaeleza ninavyokisoma kibati, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Nakili kibati chote, si namba moja

Futa kibati kwa kitambaa chenye spiriti, piga picha, kisha andika kwenye daftari kila kitu: jina la modeli, kilowati, torki, mizunguko, ampea, volti, daraja la insulesheni, namba za IP, na aina ya enkoda, ile inayopima shafti imegeuka kiasi gani. Piga picha ya kibati cha draiva pia. Servomota na draiva ni mke na mume. Ukibadilisha mmoja bila kumuuliza mwingine, utarudi kwa mteja usiku.

Jina la modeli lenyewe mara nyingi linasema kitu. Mota nyingi za Kichina zinazoletwa huku zina jina la mtindo wa 130ST-M10010. Hiyo 130 ni upana wa flenji kwa milimita. Baada ya M, tarakimu tatu za kwanza ni torki katika sehemu za kumi: 100 ni 10.0 Nm. Mbili za mwisho ni mizunguko kwa mamia: 10 ni 1000. Kwa hiyo 130ST-M04025 ni flenji ile ile, 4 Nm, mizunguko 2500. Hizo ndizo mota mbili zilizonichanganya. Jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yangu na ya muuzaji, ila wote tulikimbilia kilowati.

Hatua ya 2: Elewa torki mkononi kwanza

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 10 kutoka katikati ya nati, ning'iniza mwishoni ndoo yenye lita 10 za maji. Hiyo ni karibu 10 Nm. Toa maji hadi zibaki lita 4, na hiyo ndiyo mota niliyomuuzia yule mama.

Kanuni inayounganisha namba tatu kubwa za kibati ni hii: kilowati ni sawa na torki (Nm) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9550. Iandike kwenye ukuta wa karakana. Mtu akikupa mbili, unapata ya tatu. Mota ya wati 750 ya mizunguko 3000 ni 0.75 × 9550 ÷ 3000, yaani 2.39 Nm. Ukikuta tangazo la mota ya wati 750, mizunguko 3000, torki ya kazi 7 Nm, mwandishi ameweka namba ya kilele mahali pa namba ya kazi. Usibishane naye, nenda duka jingine.

Wanafunzi wanaotengeneza vilishio vya samaki kwa ajili ya vizimba vya sato ziwani hukutana na mtego mwingine. Servo zile ndogo za plastiki huuzwa kwa "kilo 20". Maana yake ni kilo 20 kwenye mkono wa sentimita moja, karibu 2 Nm, tena hiyo ni torki ya kukwama, pale servo inaposukuma huku haisogei. Ukiifanyisha kazi hapo itanuka ndani ya dakika chache. Mimi huhesabu robo yake, na moyo wangu hutulia.

Hatua ya 3: Tenga namba za siku nzima na namba za kitambo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusikimbie.

Torki ya kazi ni ile ambayo mota inaweza kuitoa kwa mwendo wake wa kazi, asubuhi hadi jioni, bila kupita joto lake. Torki ya kilele ni ile inayoweza kuitoa kwa muda mfupi tu, sekunde chache au chini ya hapo, pale mashine inapochanganya mwendo, yaani kuongeza kasi, au kufunga breki. Servomota nyingi ndogo zina kilele cha mara 3 ya torki ya kazi. Ile ya wati 750 ina takriban 7.16 Nm. Zile za flenji 130 mara nyingi huishia mara 2 hadi 3. Torki ya kusimama ni ya tatu: ile inayoweza kushikilia muda wote huku shafti haizunguki, na kwa kawaida inazidi kidogo torki ya kazi, kwa kuwa mota iliyosimama haina joto la mzunguko wa sumaku.

Kwa nini kilele kisiwe cha siku nzima? Kwa sababu ya joto la waya. Torki inafuata ampea, lakini joto la waya linafuata ampea zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Torki mara 2, joto mara 4. Torki mara 3, joto mara 9. Ile auga ilikuwa inataka kama 8 Nm kwa mota ya 4 Nm. Joto mara nne, na draiva ilihesabu hivyo hivyo ndipo ikakata. Haikuwa mbovu, ilikuwa inaokoa mota yangu.

Mwendo nao una namba mbili. Mizunguko ya kazi na mizunguko ya juu kabisa si kitu kimoja. Mota ya mizunguko 3000 ya kazi inaweza kuandikwa 5000 au 6000 ya juu, lakini huko juu torki imeshapungua. Ndiyo maana karatasi ya vipimo ina mchoro wenye maeneo mawili: la chini ni la kazi ya kudumu, la juu ni la kazi ya kitambo. Weka nukta ya mzigo wako kwenye mchoro huo. Ikiangukia eneo la juu, jiulize inakaa hapo kwa sekunde ngapi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mzunguko mzima wa kazi

Servomota haifanyi kazi kama ya mashine ya kusaga mahindi, inayozunguka tu. Inaanza, inakimbia, inasimama, inasubiri. Kwa hiyo hatuwezi kulinganisha kilele na kibati, wala wastani wa kawaida. Tunatafuta torki moja ambayo, kama ingekaa muda wote, ingeleta joto lile lile.

Nitatumia mashine ya kupakia dagaa niliyoipima mimi mwenyewe. Inatoa mifuko 50 kwa dakika, yaani sekunde 1.2 kwa mfuko. Mota ya kuvuta plastiki ni wati 750. Kuchanganya mwendo: 5 Nm kwa sekunde 0.15. Mwendo sawa: 1 Nm kwa sekunde 0.3, hiyo ni misuguano tu. Kufunga: 3 Nm kwa sekunde 0.15, maana misuguano inasaidia kusimamisha. Sekunde 0.6 zilizobaki mota imesimama bila mzigo huku mdomo wa moto ukichomea mfuko.

Chukua kila torki, izidishe kwa yenyewe, kisha mara muda wake. 5 × 5 × 0.15 ni 3.75. 1 × 1 × 0.3 ni 0.3. 3 × 3 × 0.15 ni 1.35. Jumla 5.4. Gawanya kwa muda wa mzunguko mzima pamoja na ule wa kusimama: 5.4 ÷ 1.2 ni 4.5. Tafuta kipeuo cha pili: 2.12 Nm. Torki ya kazi ya mota ni 2.39. Tuko kwenye asilimia 89, imebana lakini inaishi.

Halafu msimu ukaja, wateja wakaongezeka, opereta akapandisha hadi mifuko 65 kwa dakika. Mzunguko sasa ni sekunde 0.923. Kazi ya kuvuta ni ile ile, kilichokatwa ni mapumziko. 5.4 ÷ 0.923, kipeuo chake cha pili ni 2.42 Nm. Mota imevuka torki yake ya kazi, ingawa kilele bado ni 5 Nm tu kati ya 7.16 inazoruhusiwa. Ndiyo sababu ilifanya kazi vizuri asubuhi na kuanza kugoma saa nane mchana, na kila mtu akasema ni umeme.

Suluhisho lake nitalirudia mwishoni, kwa sababu halikuhitaji mota mpya.

Hatua ya 5: Inersia, yaani uzito unaokataa kugeuka

Hii ndiyo namba ambayo mafundi wengi tunairuka. Rota ya mota, sehemu inayozunguka ndani, ina inersia yake, huandikwa kwa kg·cm² au kg·m². Mzigo nao una yake. Zikipishana mno, mota inakuwa kama mtoto anayemvuta ng'ombe kwa kamba: akimsimamisha, ng'ombe bado anaenda. Utasikia mlio wa kuungurungua, utaona shafti inatetemeka inaposimama, na ukipunguza ukali wa draiva mashine inalegea.

Angalia kwenye karatasi uwiano unaoruhusiwa. Kwa kazi ya haraka mimi napenda mzigo usizidi mara 5 ya rota. Hadi mara 10 navumilia. Giaboksi inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inersia inayofika kwenye mota inagawanywa kwa uwiano wa gia uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ngoma ya lebo yenye 120 kg·cm² kwa mota ya 1.1 ni mara 109, haitashikika. Weka giaboksi ya 1 kwa 5: 120 ÷ 25 ni 4.8, uwiano unashuka hadi mara 4.4 hivi. Gharama yake ni kwamba mota sasa lazima izunguke mara 5 zaidi, kwa hiyo rudi kwenye mizunguko ya kazi uhakikishe inafika.

Hatua ya 6: Ampea, volti, na namba mbili zenye herufi K

Kt ni torki kwa kila ampea. Mota ya 2.39 Nm inayokula ampea 4.4 ina Kt ya 0.54. Ukiijua hiyo, draiva inageuka kuwa mizani: ikionyesha ampea 6, mota inatoa kama 3.2 Nm. Mimi ndivyo nilivyopata zile torki za mashine ya dagaa, sikufungua kitu chochote. Hakikisha tu kama ampea zilizoandikwa ni za kawaida au za ncha ya wimbi. Ya pili ni kubwa mara 1.41, na hesabu yako itapinda kwa kiasi hicho.

Ke ni volti ambazo mota yenyewe inazizalisha inapozunguka, kwa kila mizunguko 1000. Volti hizo zinasukumana na za draiva, na ndizo zinazoweka dari ya mwendo. Umeme wa volti 230 ukibadilishwa ndani ya draiva unakuwa karibu volti 325 za umeme wa moja kwa moja (DC). Laini ikishuka hadi 190, zinabaki kama 269, na dari inashuka nayo. Kama mashine yako inagoma kwenye mwendo mkubwa tu, na jioni tu wakati mtaa mzima unapika, pima laini kabla ya kulaumu mota.

Tahadhari moja: mota ya sumaku ikizungushwa kwa mkono inatoa umeme hata kama swichi imezimwa. Usishike waya za U, V, W zinazotoka kwenye mota mwenzako akigeuza mkanda.

Hatua ya 7: Joto, na mahali mota ilipofungwa

Daraja la insulesheni linasema waya unavumilia joto gani: B ni nyuzi 130, F ni 155, H ni 180. Namba za kazi kwa kawaida zimepimwa kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1000. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi wa Mwanza tumeshavuka kidogo. Hewa nyembamba inapooza vibaya, ila kwa mwinuko huu unapoteza asilimia moja au mbili, si kitu cha kukukosesha usingizi.

Cha kukukosesha usingizi ni bati. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mota ikiwa karibu na mdomo wa moto, hewa inayoizunguka inapita 40 bila shida. Na kuna jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo: torki ya kazi imepimwa mota ikiwa imefungwa kwenye bamba la alumini, mfano la sentimita 25 kwa 25 na unene wa mm 6. Bamba hilo ndilo linalonyonya joto. Ukiifunga kwenye kipande cha chuma chembamba kilichopakwa rangi nzito, au kwenye mbao, kibati hakikuhusu tena. Punguza asilimia 10 hadi 20 kwenye hesabu yako, au tengeneza bamba.

Hatua ya 8: Maji, breki, enkoda

IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya bomba yakirushwa hayaingii. Kwenye viwanda vya minofu ya sangara huosha mashine kwa presha na klorini kila zamu, basi watu wanaona IP65 wanaridhika. Soma nyota ndogo pembeni: mara nyingi imeandikwa kwamba sehemu ya shafti haihesabiwi. Maji yanaingia pale shafti inapotokea, yanaua beringi, kisha yanafika kwenye enkoda. Agiza mota yenye sili ya oili, geuza kona ya kebo itazame chini ili maji yadondoke, na weka kifuniko.

Breki ya servomota, ile ya volti 24, ni ya kushikilia mzigo uliosimama. Si ya kusimamisha mzigo unaokimbia. Ukiifanya kuwa breki ya gari, italika.

Enkoda ya biti 17 inagawa mzunguko mmoja mara 131,072, ya biti 23 inafika milioni 8 na zaidi. Inapendeza kuisoma, lakini kama skrubu yako ina uwazi wa nusu milimita, enkoda ghali haitauona wala kuuziba. La muhimu zaidi ni kwamba enkoda iongee lugha moja na draiva, na kama ina betri ya kukumbuka nafasi, ibadilishe draiva ikiwa imewashwa.

Hatua ya 9: Baada ya kufunga, kaa na mashine

Kwenye draiva tafuta kipimo cha asilimia ya mzigo. Iandike kila nusu saa kutoka asubuhi hadi saa tisa alasiri, pamoja na mwendo wa mashine. Ukiona asilimia inapanda taratibu wakati kazi haijabadilika, kuna msuguano unaoongezeka, nenda kwenye beringi na mkanda.

Kwenye ile mashine ya dagaa nilikuta 101 kwa mifuko 65. Badala ya kuuza mota, nilirefusha muda wa kuchanganya na wa kufunga kutoka sekunde 0.15 hadi 0.2. Torki ya kuchanganya ikashuka hadi 4 Nm, ya kufunga hadi 2, mwendo sawa ukapungua hadi sekunde 0.25 ili plastiki ivutwe urefu ule ule. Rudia hesabu: 3.2, 0.25 na 0.8, jumla 4.25, gawanya kwa 0.923, kipeuo cha pili 2.15 Nm. Mifuko 65 kwa dakika, na mota karibu imepoa kama ilivyokuwa kwenye 50.

Kilichopungua ni muda wa mdomo wa moto, kutoka sekunde 0.32 hadi 0.27. Kwa hiyo tukapandisha moto kwa nyuzi chache, tukachukua mifuko kumi iliyotoka mfululizo, tukaizamisha moja moja kwenye ndoo ya maji na kuibana. Wa tatu ulitoa mapovu. Tukaongeza nyuzi 5, tukarudia kumi nyingine, na maji yakatulia.